Mjuzi wa Yote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno "mjuzi wa yote" linaonekana jepesi mpaka mtu atake kuliandika. Hapo ndipo maswali yanapoanza: ni "yote" au "vyote"? Je, mtu anaweza kuitwa hivyo? Na mbona "mjuaji", aliyetoka kwenye shina lilelile, ni tusi? Maswali yafuatayo ndiyo hujirudia zaidi kwa wanafunzi, watafsiri, wahubiri na waandishi wa hadithi.

Kiswahili kina neno moja tu lenye maana ya "mwenye kujua yote"?

Hapana. Kilatini kiliunga *omnis*, yaani "yote", na *scientia*, yaani "maarifa", na lugha kadhaa za Ulaya zikarithi neno hilo likiwa limeshaungwa. Kisanskriti nacho kina *sarvajña*, ambamo *sarva* ni "yote" na *jña* ni "ajuaye". Kiswahili hakikuunga. Kinajenga fungu la maneno, na kila ajengaye huchagua matofali yake: mjuzi wa yote, mjuzi wa kila kitu, ajuaye yote, anayejua yote, mwenye kujua yote, mjua yote.

Wapo wanaolihesabu hilo kuwa pengo. Mimi silioni hivyo. Fungu la maneno lina viungo, na ukibadilisha kiungo kimoja umebadilisha maana kwa namna ambayo neno moja lililoganda lisingeruhusu.

Basi mafungu hayo yana tofauti gani?

"Mjuzi wa yote" ni jina. Linampa mtu sifa ya kudumu, kama vile "mkombozi" au "mlezi". Ndiyo maana linafaa kuandikwa kwa herufi kubwa linapotumika mahali pa jina la Mungu: Mjuzi wa Yote.

"Ajuaye yote" halina alama ya wakati. Si jana, si leo, si kesho. Kitenzi chenye umbo hili husimulia jambo lililo kweli siku zote, na ndiyo sababu methali hulipenda: *aisifuye mvua imemnyea*. Ukitaka kusema juu ya ujuzi usio na mwanzo wala mwisho, sarufi imekwisha kukufanyia nusu ya kazi.

"Anayejua yote" lina *-na-* ya wakati uliopo. Ni sahihi kabisa na ndilo la mazungumzo ya kila siku, ila limefungwa zaidi na sasa. "Muulize yule pale, ndiye anayejua yote kuhusu safari." Hapa "yote" haimaanishi yote ya ulimwengu, bali ya safari ile.

"Mwenye kujua yote" lina uzito wa kimaandiko, na watafsiri wa Kurani hulitumia sana umbo hili la "mwenye ku-". Ama "mjua yote", limejengwa kama mpiga ngoma au mla riba. Linaeleweka, lakini halina nyumba maalumu: mara utalikuta kwenye dua, mara kwenye kejeli.

Ni "yote", "vyote" au "kila kitu"?

Yanategemea nomino iliyofichwa. "Yote" imeficha *mambo*. "Vyote" imeficha *vitu*. Kwa kuwa kinachojulikana kwa kawaida ni mambo (habari, siri, nia, yaliyopita na yajayo), "yote" ndiyo hukaa vizuri. "Mjuzi wa vyote" huleta picha ya mtu anayejua orodha ya mali iliyomo ghalani.

"Kila kitu" ni sawa pia, ingawa lina neno *kitu*, kwa sababu limekwisha kupanuka likawa na maana ya "lolote liwalo". Aya ya 29 ya sura ya Al-Baqara, ambayo Kiarabu chake humalizikia kwa sifa ya kujua kila kitu, hutafsiriwa hivyo bila shida.

Jihadhari na "mjuzi wa wote". Hilo ama linamaanisha anayewajua watu wote, ama aliye mjuzi kuliko wenzake wote, na msomaji atabaki kukisia.

"Mjuzi" peke yake haitoshi?

Haitoshi. "Mjuzi" pasipo "wa yote" ni mtu aliyebobea katika jambo fulani: mjuzi wa sheria, mjuzi wa nyota, mjuzi wa kushona. Na "ujuzi" siku hizi umesogea zaidi upande wa mikono. Tangazo la kazi likitaka "ujuzi na uzoefu", linataka mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana sentensi "Mungu ana ujuzi wote" huyumba kidogo masikioni. Inamfanya Mungu aonekane fundi hodari. Ukitaka kutumia nomino ya kinachojulikana badala ya ya anayejua, "maarifa yote" au "elimu yote" hutua vizuri zaidi.

Katika sura ya jina la Mungu, hata hivyo, "Mjuzi" bila nyongeza hukubalika, kwa sababu herufi kubwa na muktadha hubeba ile "wa yote".

Hiyo "z" ya "mjuzi" ilitoka wapi, na kitenzi ni "jua"?

Angalia wenzake: lea–mlezi, nunua–mnunuzi, okoa–mwokozi, komboa–mkombozi. Vitenzi vingi vinavyoishia kwa irabu mbili hutoa mtendaji mwenye *-zi*. Katika vitenzi hivi kuna konsonanti iliyojificha, na hujitokeza mara kitenzi kinaponyambuliwa: nunuliwa, okolewa, julikana, julisha. Mbele ya kiishio *-i* cha mtendaji, *l* hiyo hugeuka *z*. Kwa hiyo ukisema "anajulikana" na "mjuzi" umekigusa kificho kilekile mara mbili.

Na jua la mchana?

Halihusiki. Jua linalowaka ni nomino, na kujua ni kitenzi. Wamefanana sura tu. Wahubiri hupenda kuyacheza maneno haya mawili, na mchezo ni mtamu, lakini usiuchukue kuwa ni asili ya neno. Vivyo hivyo "juzi" ya siku mbili zilizopita haina undugu na "mjuzi".

Mbona "mjuzi" ni sifa na "mjuaji" ni kejeli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu limo ndani ya viambishi viwili vidogo.

Kiishio *-aji* humtaja mtu kwa kile anachokitenda mara kwa mara: mwimbaji huimba, mchezaji hucheza, msemaji husema. Hakina ubaya wowote kwa chenyewe. Lakini kujua si kitendo cha kurudiwarudiwa. Ni hali. Mtu hajui saa mbili asubuhi kisha akajua tena saa nne. Sasa ukimwekea mtu *-aji* juu ya *jua*, umesema kwamba huyu *anafanya* kujua. Kila mkutano anajua, kila mada anajua, hata ambayo haijaisha kutajwa anajua. Maana yake anauonyesha ujuzi, na anayeuonyesha kila saa huwa na mashaka nao. Kiswahili kimemnasa kwa silabi mbili.

Kwa hiyo "Mungu ni mjuaji" ni kosa baya, si la sarufi bali la adabu. Na "daktari wetu ni mjuaji" si pongezi hata ukilisema kwa tabasamu.

Kuna na wa tatu, mjuvi. Huyu amevuka mpaka wa mjuaji. Mjuaji anajifanya anajua. Mjuvi anajifanya anajua na tena hana heshima. Mtoto anayemkatiza mzee katikati ya maneno ili amsahihishe huambiwa aache ujuvi, hata kama masahihisho yake ni ya kweli. Kosa la mjuvi si kutojua, ni kutojua mahali pake pa kusemea.

Je, binadamu anaweza kuitwa "mjuzi wa yote"?

Kisarufi ndiyo. Kimatumizi, ukimwita mtu hivyo wasikilizaji watatafuta kejeli iliko, na kwa kawaida wataipata. "Haya, mjuzi wa yote, tuambie" si mwaliko wa kweli wa kuzungumza.

Lugha ina maneno mengine ya kumsifu msomi bila kumpandisha hadi mahali pasipo pake. Gwiji. Bingwa. Mbobezi. Na lile ninaloliona zuri kupita yote: *kutabahari*. "Ametabahari katika fikihi", yaani elimu ya sheria za Kiislamu. Shina lake ni lile la Kiarabu lililotupa "bahari", na picha yake ni ya mtu aliyezama au kupanuka kama bahari yenyewe. Linakwenda sambamba na msemo wetu *elimu ni bahari*. Unaweza kutabahari na bado maji yakabaki.

Angalia pia methali zinavyogawa ujuzi. *Siri ya mtungi muulize kata. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.* Kila mjuaye amepewa kimoja: kata anajua mtungi, mzazi anajua uchungu, na maiti, maskini, anajua kaburi. Anajua kwa kuwa alikuwamo. Katika methali hizi kujua ni kupitia, na kwa kuwa hakuna aliyepitia yote, hakuna nafasi ya binadamu mjuzi wa yote.

Waislamu na Wakristo wanalitumia neno hili kwa namna moja?

Imani yenyewe wanakutana nayo, maneno yanaelekea njia mbili. Waislamu huelekea kwenye jina: *Mjuzi*, *Mjuzi wa kila kitu*, *Mjuzi wa ghaibu*, yaani wa yaliyofichika. Biblia ya Kiswahili huelekea kwenye kitenzi: katika Yohana 21:17 Petro anamwambia Yesu "wewe wajua yote", na 1 Yohana 3:20 inasema Mungu "anajua yote".

Chanzo ni lugha za asili. Kwa Kiarabu *al-ʿAlīm* ni mojawapo ya majina mazuri 99, na jina hutafsiriwa kwa jina. Kwa Kigiriki, mistari hiyo miwili ina kitenzi cha kujua na neno *panta*, "yote", na mtafsiri amekifuata kitenzi. Hakuna aliyekosea.

Zaburi ya 139 ndiyo mara nyingi hutajwa kuwa shairi la sifa hii, na haina hata fungu moja kati ya yale niliyoyataja mwanzoni. Inaorodhesha tu: kuketi, kuondoka, wazo lingali mbali, neno ambalo halijafika ulimini. Mwandishi anayetaka kuonyesha ujuzi usio na mpaka bila kuutaja ana la kujifunza pale.

"Alimu" na "Al-Alim" ni neno moja?

Ni ndugu, si neno moja, na Kiswahili ndicho kilichowafanya wafanane. Kiarabu hutofautisha kwa urefu wa irabu. *ʿĀlim*, yenye *a* ndefu, ni mtu mwenye elimu. *ʿAlīm*, yenye *i* ndefu, ni umbo la kukazia: mwenye kujua kwelikweli, daima. Kiswahili hakitofautishi irabu hizo kwa namna hiyo, basi yote mawili yakaingia kwenye mlango mmoja na kutoka "alimu". Ukisikia "alimu fulani kasema", ni msomi wa dini. Ukilisikia ndani ya dua au mwanzoni mwa utenzi, pale washairi wanapopanga majina ya Mola kufuata kina, basi ni lile la pili.

Ukoo huu ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani: elimu, mwalimu, maulamaa, taaluma na mtaalamu, wote wametoka kwenye konsonanti tatu zilezile, *ʿ-l-m*. Mwalimu ni *muʿallim* aliyevalishwa *mw-* yetu hadi wingi wake ukawa walimu, kama vile alizaliwa humu ndani. Maarifa na taarifa ni ukoo mwingine, usiwachanganye.

"Mwenyezi" haina maana hiyohiyo?

Hapana. Mwenyezi ni sifa ya uwezo. Muweza wa yote ni yule anayeweza, mjuzi wa yote ni yule anayejua, na aliyepo kila mahali ni wa tatu. Katika imani sifa hizi huwa kwa mmoja, lakini katika sentensi kila moja ina kazi yake.

Watu wakisema "Mungu ndiye ajuaye", wanamaanisha sifa hii?

Mara nyingine. Sikiliza sauti. Kuna "Mungu ndiye ajuaye" ya msomi aliyemaliza kutoa jibu na anaacha nafasi ya kukosea. Hiyo ndiyo tafsiri ya *wallahu aʿlamu*, na katika maandishi ya dini ni adabu ya kufunga hoja. Kuna ya mtu aliyeulizwa basi litafika saa ngapi. Hiyo ni "sijui" iliyovaa kanzu. Na kuna ya mtu aliyedhulumiwa, ambaye hana shahidi: "Mungu anajua." Huyo hasemi hajui. Anasema yupo anayejua, na anayeambiwa anajua pia.

Mtafsiri akizitafsiri zote tatu kwa sentensi moja, ameharibu mbili.

Katika fasihi naambiwa "msimulizi maizi". Ndiye nani?

Ndiye mjuzi wa yote wa hadithi. Kitenzi *kumaizi* kina maana ya kutambua na kupambanua, na wahakiki wa fasihi wamekichukua kumtajia msimulizi anayejua yaliyomo mioyoni mwa wahusika wote, yaliyotokea kabla hawajazaliwa, na yatakayowapata ukurasa wa mwisho. Hakuna anayemuuliza amejuaje.

Tofauti huonekana kwenye sentensi:

*Alimkabidhi ufunguo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.* Haya yangeweza kuonwa na yeyote aliyesimama pale.

*Alimkabidhi ufunguo, huku akijua kwamba haufungui mlango wowote. Na yule aliyeupokea alikwisha kulijua hilo tangu jana, ila alitaka kuona kama atadanganywa.* Hapa amesema maizi. Ameingia vichwa viwili kwa pumzi moja.

Hadithi simulizi zimejaa msimulizi huyu. Mtambaji anapotuambia kwamba sungura "alisema kimoyomoyo", hakuna msikilizaji anayesimamisha hadithi adai ushahidi.

Kila hadithi ya nafsi ya tatu ina msimulizi maizi?

La, na kosa hili huwagharimu wanafunzi alama. Nafsi ya tatu ni suala la kiwakilishi: anasema "yeye" badala ya "mimi". Umaizi ni suala la ujuzi. Msimulizi anaweza kutumia "yeye" kitabu kizima na asiingie kichwa cha yeyote, au aingie cha mhusika mmoja tu na wengine awaone kwa nje. Huyo wa mwisho umaizi wake una mipaka.

Nami naongeza shauri ambalo halikuulizwa: ukiandika kwa umaizi kamili, usifiche jambo kwa hila ili kumshtua msomaji mwishoni. Msimulizi aliyetuambia siri za watu saba hawezi kunyamazia ya wa nane pasipo sababu. Atakuwa amejitia hamnazo, na msomaji atamjua.

Kama kuna ajuaye nitakalofanya kesho, mimi nina hiari gani?

Swali limevuka mipaka ya kamusi, lakini huulizwa kila mara, kwa hiyo nalijibu kwa kifupi. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 6, alisema kosa liko kwenye neno "kesho": kwa Mungu hakuna kesho, yote yako mbele yake kwa pamoja, na kumwona mtu akitembea hakumlazimishi atembee. Miongoni mwa wanafalsafa wa Kiislamu mjadala ulichukua sura nyingine pia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema Mungu huyajua mambo mojamoja kwa njia ya jumla. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akampinga vikali, kwa kuwa aliona hilo linapunguza ujuzi wa Mungu. Mwaka 1814 Laplace, mwanahisabati wa Kifaransa, akaileta fikra hiyo upande wa sayansi: akili ambayo ingejua mahali pa kila chembe na nguvu zote zinazoisukuma ingeyaona yajayo kama yaliyopita.

Kwa upande wa lugha, kumbuka tu kwamba *kujua* na *kukadiria* ni vitenzi viwili. "Kadari" na "majaaliwa" hutaja kilichopangwa. "Mjuzi" hataji kupanga chochote.

Kukanusha je? "Hajui yote" ni sawa na "hajui lolote"?

Si sawa, na hapa pana mtego. "Hajui lolote" ni mtupu kabisa. "Hajui yote" inaweza kusomwa "anajua baadhi" au, kwa msikilizaji mwingine, "yote hayo hayajui". Ukitaka kukata utata, tanguliza *si*: "Si yote anayoyajua." Hapo kila mtu ataelewa kwamba anajua kiasi.

Kiambishi cha mtendwa nacho husaidia. "Anajua yote" ni ya jumla. "Anayajua yote" huashiria mambo ambayo tumeshayataja, yale tunayoyajua mimi na wewe. Ndiyo sababu mwenzako akikuambia kwa sauti ya chini "mama anayajua yote", hujiulizi ni yapi.